Ukope wa mwanakondoo umejikunja ndani: kidole, sindano au vibanio?

ZiziLaMlimani: Wadau, nina mwanakondoo aliyezaliwa juzi. Jicho la kulia linatiririka machozi, shavu limelowa, na akitoka juani analifumba kabisa. Mmoja ananiambia nipake dawa ya macho tu, mwingine nikunjue ukope kwa kidole, wa tatu nimwite daktari amchome sindano. Nifuate lipi?

BintiMfugaji: Mwangalie kwanza kwenye mwanga mzuri. Ukiuona ukingo wa ukope wa chini, ule mstari usio na manyoya, ukope uko sawa. Tafuta mbegu au kapi la nyasi lililonasa. Ukingo usipoonekana na manyoya yanagusa jicho, umejikunja. Hapo dawa peke yake haisaidii, kila akipepesa anajikwaruza upya.

Mzee Sufu: Angalia na la kushoto, mara nyingi huwa yote mawili. Macho mekundu ya kuambukiza ni kitu kingine: huanza kwa mmoja yakahamia kwa wenzake, wakubwa kwa wadogo, na nzi wanasaidia kuyasambaza. Hayo ndiyo ya antibiotiki kama tetrasaiklini.

Kambakuu: Mimi ni mtu wa kidole. Bana ngozi chini ya jicho, ivute chini mpaka ukingo utoke nje, kausha machozi, rudia mara kadhaa kwa siku. Ila ni kwa aliyegunduliwa mapema. Ukichelewa, maumivu yanamfanya akaze jicho, na akilikaza ukope unazidi kuingia.

BintiMfugaji: Sindano napenda kwa sababu moja: hakuna kitu cha kurudi kutoa. Daktari anaweka penisilini kidogo chini ya ngozi ya ukope, panavimba, ukope unasukumwa nje. Dawa ikishanyonywa na mwili, mara nyingi ukope umeshazoea kukaa nje. Usijaribu mwenyewe, mkuu. Mwanakondoo akirusha kichwa sindano inaingia jichoni.

Mzee Sufu: Naona vibanio vya chuma, vinavyobana mkunjo wa ngozi chini ya jicho ili ukope ukae nje, ni bora, maana unaona kabisa ngozi imevutwa kiasi gani. Lazima vikaguliwe kila siku visije vikageukia jicho. Nyuzi au kukata ngozi ni kwa wale sugu.

Kambakuu: Jicho likishafanya weupe, msibishane tena, daktari siku hiyohiyo. Na ile chupa iliyobaki ya dawa yenye steroidi (ya kupunguza uvimbe) iacheni kabatini: kama kuna kidonda kwenye kioo cha jicho, inakizuia kupona na inaweza kukitoboa.

ZiziLaMlimani: Nimekagua. Ukingo hauonekani, na la kushoto nalo limeanza. Bado yote maangavu. Kwa kidole ukope unatoka, baada ya muda unarudi. Daktari anakuja jioni, nitaomba sindano. Je, huyu akikua naweza kumfanya dume la mbegu?

Mzee Sufu: Hapana ndugu yangu, tatizo hili hurithiwa. Mtie alama sasa, akishapona hutamtambua. Na wakizaliwa wengine hivihivi kwa baba huyohuyo, badilisha dume.

BintiMfugaji: Isipokuwa kama hanyonyi vizuri. Aliyeishiwa maji mwilini macho huzama, na ukope hugeukia ndani hata kama ukoo wake hauna neno. Mguse tumbo: likiwa tupu, shughulika na maziwa leo, habari za baba yake baadaye.