Kusafisha damu nyumbani kwa njia ya tumbo: mama ataweza?

Swali
Habari zenu ndugu. Figo za mama yangu zimefikia hatua ya 5, yaani ya mwisho ya ugonjwa, na daktari ametutaka tuchague: aende hospitalini mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, au asafishiwe damu nyumbani kwa njia ya tumbo. Mwenyewe anataka nyumbani, lakini nahofia tutakosea jambo likamdhuru. Aliwahi pia kufanyiwa upasuaji wa tumbo.

Jibu la muuguzi wa figo
Pole kwa kuuguza. Katika njia hii damu haitoki mwilini. Maji maalumu yenye sukari, mara nyingi lita 2, huingizwa tumboni kupitia mrija laini, hukaa saa kadhaa yakivuta uchafu na maji ya ziada kupitia utando wa tumbo, kisha hutolewa na kuwekwa mengine. Wengi hubadilisha mara 4 kwa siku, kila mara kama nusu saa; wengine hutumia mashine usiku wakiwa wamelala.

Hofu yako ina msingi, kwani adui mkubwa ni maambukizi ya utando huo. Ndiyo maana mtafundishwa kunawa mikono na kuikausha vizuri, kuvaa barakoa, kufunga madirisha na kuzima feni kabla ya kugusa mrija. Kila mara uinue mfuko wa maji yaliyotoka uutazame kwenye mwanga: yakiwa na ukungu, hata kama mama hana homa wala maumivu, pigieni kituo simu siku hiyohiyo na mwende na mfuko wenyewe.

Upasuaji wa zamani haumzuii moja kwa moja. Makovu ya ndani ya tumbo ndiyo huamua, na daktari wa upasuaji atayachunguza.

Jibu la mgonjwa
Mimi hubadilisha mwenyewe, na ninashukuru kwamba mkojo wangu bado haujakauka, kwa sababu njia hii huwa haimalizi haraka nguvu ya figo iliyobaki. Ila protini hupotea katika maji yanayotoka, hivyo mama ale mayai, samaki au nyama kama atakavyoelekezwa. Ikiwa ana kisukari, mwambieni daktari mapema, maana sukari ya kwenye maji huingia mwilini.

Muulizaji
Asanteni sana. Kisukari anacho. Nitaliuliza hilo pamoja na suala la makovu kabla hatujaamua.

Jibu la muuguzi wa figo
Vema. Mwende pamoja, na yeye mwenyewe aushike mrija wa mafunzo, kwani uwezo wa vidole na macho yake ndio utakaoonyesha kama atahitaji msaidizi.