Naomba ushauri: mahitaji ya mashine na mfumo endeshi kwa programu za kusimamia seva 45

Msimamizi_Iringa

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni msimamizi wa mifumo katika chuo kimoja hapa Iringa, na mezani nina fomu ya kitengo cha manunuzi ambayo natakiwa kuirudisha ikiwa imejazwa kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30 Juni. Tuna seva 45, tisa zikiwa mashine halisi na 36 zikiwa mashine pepe (kompyuta za programu zinazoendeshwa ndani ya mashine halisi). Kwa upande wa mifumo endeshi, 14 bado ziko kwenye CentOS 7, 12 zinatumia AlmaLinux 9, kumi ni Ubuntu 22.04, na tisa ni Windows Server, mbili kati ya hizo zikiwa za toleo la 2012 R2. Nne kati ya zote ziko katika tawi letu la Njombe, ambako mtandao hukatika mara kwa mara na pengine hulala hivyo hivyo hadi kesho yake.

Hadi sasa viraka (masasisho ya kuziba kasoro za programu) tunaviweka kwa mkono, seva moja baada ya nyingine, na hali ya mashine tunaijua pale mhadhiri anapopiga simu kulalamika. Tumekubaliana kutumia Foreman pamoja na Katello kwa ajili ya viraka na usajili wa seva, na Zabbix 7.0 kwa ajili ya ufuatiliaji. Mpango wangu ulikuwa kuziweka zote mbili kwenye mashine moja ya Ubuntu, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Mashine iliyopo ni ya rafu, ina prosesa mbili za Xeon E5-2640 za mwaka 2012, RAM ya GB 64, na diski nne za SAS za GB 600, zinazozunguka mara 10,000 kwa dakika, zikiwa zimeungwa kwa RAID 5 (mpangilio wa diski kadhaa unaovumilia moja kuharibika). Mkuu wangu wa idara anauliza kama inatosha au aombe fedha ya mpya. Mwenye uzoefu anisaidie, maana vipimo vikishaandikwa na zabuni ikatangazwa, kuvibadilisha ni shughuli pevu. Natanguliza shukrani.

FundiKerneli

Ndugu yangu, kabla hujagusa hesabu za RAM anza na mfumo endeshi, kwa sababu huo ndio utakaokufunga mikono. Foreman ikiwa peke yake hukubali Debian na Ubuntu, lakini ukishaiongezea Katello huna budi kuhamia kwenye ukoo wa Red Hat, yaani RHEL yenyewe au jamaa zake kama AlmaLinux na Rocky. Mpango wa Ubuntu kwa upande huo uufute leo, usije ukaugundua ukweli huu wakati mashine imeshafika na kamati ya mapokezi imeshasaini.

Chukua toleo la 9, ambalo litaendelea kupata viraka vya usalama hadi Mei 2032. Toleo la 10, lililotoka mwaka 2025, lisikutamanishe kwenye mashine hiyo. Red Hat wamepandisha kiwango cha chini cha prosesa hadi x86-64-v3, ambacho kinadai maelekezo ya AVX2, na Xeon zako zilitoka kiwandani kabla Intel hawajayaingiza kwenye prosesa zao mwaka 2013. Usiniamini mimi, andika `grep -c avx2 /proc/cpuinfo`, na ikikujibu sifuri basi mjadala wa toleo la 10 umekwisha. AlmaLinux wamejenga pia toleo lao la 10 kwa ajili ya prosesa za v2, yaani kiwango kilicho chini ya v3, na nawapongeza kwa hilo, ila mimi binafsi nisingeliweka chini ya kitu ambacho chuo kizima kinakitegemea, kwa kuwa programu za watu wengine si lazima ziwe zimejengwa kwa kiwango hicho.

Jambo la pili ni hilo la kuziweka zote mahali pamoja. Waandishi wa Foreman wanataka mfumo uliosakinishwa upya usio na kazi nyingine, na sababu yao ni ya msingi kabisa. Kisakinishi cha Foreman hupanga Apache (seva ya wavuti) na PostgreSQL (hifadhidata) kwa kutumia Puppet, zana ya kupanga mipangilio yenyewe, na kila unapokiendesha upya hurudisha mipangilio anayoijua yeye na kufagia asiyoijua. Niliwahi kuweka ukurasa wa Zabbix kwenye Apache hiyo hiyo, ukafanya kazi vizuri wiki tatu, kisha nikaboresha Foreman siku ya Ijumaa jioni. Niliporudi kwenye `/etc/httpd/conf.d` faili langu halikuwepo. Weka mashine pepe mbili zilizotengana.

Ukitumia Proxmox kama mwenyeji wa mashine pepe hizo, angalia aina ya prosesa unayoipa kila moja. Matoleo ya zamani yalikuwa yakitoa kvm64, ambayo iko chini ya v2, na AlmaLinux 9 ikikutana nayo hugoma kuwaka ikilalamika kwamba prosesa haikidhi x86-64-v2, ilhali prosesa halisi iliyo chini haina tatizo lolote. Kuna watu wametupa mashine nzima kwa kosa hilo la kisanduku kimoja cha kuchagua.

MamaHifadhidata

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema FundiKerneli, nami niongeze upande wa diski, kwa sababu naona kila mtu anauliza kori na RAM wakati kinachoua mifumo hii ni diski.

Tuanze na Zabbix. Usiishie kwenye mahitaji ya chini yaliyoandikwa. Hizo ni namba za kuwashia programu, si za kufanyia kazi. Jiulize utakusanya vipimo vingapi, kila baada ya muda gani, na utavitunza kwa siku ngapi. Tuseme kila seva itakuwa na vipimo 100 vinavyochukuliwa kila baada ya sekunde 60. Seva 45 zitakupa vipimo 4,500, yaani thamani mpya 75 kila sekunde, ambazo kwa siku moja ni 6,480,000. Nyaraka za Zabbix hukadiria baiti 90 kwa kila thamani ya namba, kwa hiyo siku moja inakula takriban MB 583, na ukitunza historia ya siku 90 unahitaji GB 52 na ushee. Mielekeo, yaani muhtasari wa kila saa wa vipimo, ni nafuu zaidi: vipimo hivyo hivyo kwa mwaka mzima havifiki GB 4. Maana yake ni kwamba anayekuomba aone grafu za mwaka jana unaweza kumpa bila gharama yoyote ya maana, lakini anayetaka kila dakika ya mwaka jana umwambie alete bajeti. Mimi ningetenga GB 150 kwa hifadhidata hiyo, kori nne na RAM ya GB 16. Mfumo endeshi wake unaweza kuwa Ubuntu unayoipenda, mradi liwe toleo la 24.04, kwa kuwa 22.04 linakaribia mwisho wa huduma yake ya kawaida mwaka 2027.

Upande wa Foreman na Katello, kima cha chini kilichoandikwa ni kori nne na RAM ya GB 20, nami ningeipa GB 32 ili nilale usingizi. Vifurushi hukaa kwenye `/var/lib/pulp`, ambako wanashauri utenge GB 300. Iwe patisheni ya peke yake yenye mfumo wa faili wa XFS, kwa kuwa faili zitakuwa nyingi mno na ule wa ext4 unaweza kuishiwa inodi (nafasi za kuorodhesha faili) kabla nafasi yenyewe haijaisha. Acha sera ya upakuaji ibaki ile ya kuchukua kifurushi pale kinapoombwa, ili usijaze diski kwa vitu ambavyo hakuna seva itakayoviomba. Faida utakayoiona haraka ni kwamba kiraka kimoja kitavuka intaneti ya chuo mara moja tu badala ya mara kumi na mbili.

Sasa hiyo RAID 5. Kila andiko dogo kwenye RAID 5 huzaa kazi nne kwenye diski: kusoma data ya zamani, kusoma uwiano (parity, data ya kurejeshea diski iliyoharibika) wa zamani, kisha kuandika vyote viwili upya. Hifadhidata ya Zabbix haifanyi kingine isipokuwa maandiko madogo usiku na mchana. Kwa diski zako nne ningehamia RAID 10 na kukubali kubaki na TB 1.2 badala ya 1.8, au bora zaidi, ningeomba SSD mbili za daraja la seva zenye kinga ya umeme kukatika ghafla. Hizo za dukani zinazouzwa kwa ajili ya kompyuta mpakato usiziandike kwenye fomu, hata kama bei yake itamfurahisha mhasibu. Pima kwanza kasi ya diski kwa programu ya `fio`. Red Hat, kwa bidhaa yao ya Satellite ambayo imejengwa juu ya Foreman na Katello, hutaka wastani usiopungua MB 60 hadi 80 kwa sekunde katika kusoma.

KakaDirisha

Katello haitaweka viraka vya Windows, hilo lisikupite. Kwa zile tisa utahitaji WSUS, huduma ya kusambaza masasisho ya Windows, ambayo Microsoft walitangaza mwaka 2024 kwamba hawaiendelezi tena ingawa bado inafanya kazi, na Windows Admin Center, zana ya kusimamia seva za Windows, ambayo ni bure; ila isakinishe kwenye seva ya kawaida ya 2019, wala si kwenye kidhibiti cha kikoa (seva inayosimamia akaunti za watumiaji wa mtandao), kwa sababu huko haikubaliki. Zile mbili za 2012 R2 ziliishiwa huduma ya nyongeza (extended support) Oktoba 2023, kwa hiyo hakuna programu ya usimamizi itakayozitibu.

MzeeWaRafu

Vijana mmesema vizuri, lakini mnamwekea mlinzi godoro ndani ya nyumba ile ile anayoilinda. Mahali nilipofanya kazi zamani, mashine ya ufuatiliaji ilikuwa pepe, juu ya mwenyeji mmoja na seva nyingine zote. Usiku mmoja umeme ulikatika, betri za UPS zikadumu dakika nne badala ya arobaini, na kila kitu kikazimika kwa pamoja pamoja na yule aliyepaswa kutuamsha. Simu yangu ilikaa kimya hadi asubuhi, na mimi nikauchukulia ukimya huo kuwa ni amani. Nilipofungua mlango wa chumba cha seva nilisikia kitu kimoja tu, mlio wa UPS.

Kwa hiyo Foreman na Katello ziache kwenye mashine kubwa, lakini Zabbix ipe mashine ndogo halisi ya peke yake, kwenye chumba kingine na UPS nyingine, yenye modemu ya simu ili itume ujumbe hata mtandao wa chuo ukiwa umelala.

Kwa Njombe weka proksi ya Zabbix, yaani mashine ya kukusanya vipimo hapo hapo na kuvituma kwa seva kuu. Kwa seva nne, kijikompyuta cha kori mbili na RAM ya GB 4 kinatosha, na hifadhidata yake inaweza kuwa SQLite. Ila ufungue faili la mipangilio utafute `ProxyOfflineBuffer`: thamani yake ya kawaida ni saa moja tu, kwa hiyo mtandao ukikatika siku nzima utapoteza karibu kila kilichopimwa. Iandike 72. Hakikisha pia toleo la proksi linalingana na la seva. Ajenti za zamani (programu ndogo zinazopima kila seva) Zabbix huzivumilia, proksi ya zamani huivumilia kwa sehemu tu.

Msimamizi_Iringa

Wakuu, nimewasoma kwa makini na leo nimeshinda kwenye chumba cha seva. AVX2 imejibu sifuri, kama alivyotabiri FundiKerneli. `fio` imenipa wastani wa MB 41 kwa sekunde katika usomaji wa nasibu, kwa hiyo MamaHifadhidata ameshinda hoja ya diski bila kupanda jukwaani.

Nimeandika hivi kwenye fomu: mashine ya zamani ibaki, ihamie RAID 10 na iongezewe SSD mbili za daraja la seva, inunuliwe mashine ndogo moja ya Zabbix yenye kori nne, RAM ya GB 16 na SSD ya GB 480, kijikompyuta kimoja cha Njombe, na modemu moja ya simu. Mkuu wa idara ameshangaa kwamba sijaomba seva mpya ya rafu, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nina maswali mawili yaliyobaki: zile CentOS 7 nizisajili kwenye Katello jinsi zilivyo? Na kuhusu majina ya seva, je, naweza kuanza na jina la muda kisha nikalibadilisha baadaye?

FundiKerneli

Jina la muda hapana. Foreman hutengeneza vyeti vyake vya usalama kwa jina kamili la mashine, na kulibadilisha baadaye kunazigusa seva zote zilizokwisha kusajiliwa. Kabla ya kusakinisha, hakikisha `hostname -f` inatoa jina kamili lenye kikoa, kwamba DNS inalijibu jina hilo kwa anwani sahihi na anwani hiyo kwa jina hilo hilo, na kwamba saa ya mashine inafuata chanzo cha muda.

CentOS 7 iliisha tarehe 30 Juni 2024, na ukizisajili utakachopata ni orodha nzuri ya mashine zisizo na viraka vipya. Zisajili hata hivyo, ili zionekane kwenye orodha na zikukere kila siku, kisha uzihamishe moja moja kwa kutumia ELevate, zana ya AlmaLinux ya kuhamisha seva kwenda toleo jipya, ukianza na ile ambayo ikiharibika hakuna mwanafunzi atakayejua. Kila moja ipigwe picha ya hali yake (snapshot, nakala ya kurudia ikiharibika) kabla ya kuanza.

MzeeWaRafu

Kwenye fomu sijaona betri za UPS. Za sasa ziliwekwa mwaka gani?

Msimamizi_Iringa

Nimeteremka kuangalia, Mzee. Kibandiko kinasema 2018. Naenda kuiomba fomu irudishwe kabla haijavuka kwa mhasibu.