Mwizi wa picha "mwenye akili nyingi" mnatuchosha sasa!!

Wakuu leo nimekereka kwelikweli. Nimemaliza stori nyingine ya upelelezi, usiku mzima sijalala, na mwisho ni uleule: jamaa mtanashati kavaa suti, kashuka na kamba kutoka darini, kabeba mchoro orijino kaweka feki, miaka ishirini hakuna aliyeshtuka. Hivi hawa waandishi huwa hawasomi hata kesi moja ya kweli??

Chukua ile ya makumbusho ya Gardner pale Boston, 18 Machi 1990. Kamba gani sasa? Wanaume wawili na sare za polisi wamebisha hodi usiku, mlinzi kawafungulia mwenyewe, walinzi wote wawili wakafungwa na tepu wakashushwa chini, halafu jamaa wakazurura mle ndani dakika 81. Picha ya Rembrandt, ile ya dhoruba kwenye bahari ya Galilaya ya mwaka 1633, wakaikata kwenye fremu kama mtu anafungua mfuko wa sementi!! Wakabeba picha ya Vermeer, yule mchoraji mkubwa wa Kiholanzi wa zamani, sawa, ila hapohapo wakahangaika na bendera ya jeshi la Napoleon ikawashinda, wakaondoka na kidude cha tai cha juu ya mlingoti wake. Na ghorofani kuna picha ya Titian, mchoraji mkubwa wa Italia, ya maana kabisa, hawakuigusa. Ndo mabingwa hao? Vitu 13, hakuna hata kimoja kilichorudi, zawadi ya dola milioni 10 ipo tu, na fremu tupu bado zinaning'inia ukutani. Eti mtu anakwambia "wizi wa kisanii". Kisanii wapi?

Tuje kwenye feki, hapa ndo hasira zangu zilipo. Stori zote zinasema feki inapita kwa sababu mchoraji ana mkono wa ajabu. Uongo! Han van Meegeren, mchoraji feki wa Kiholanzi, alijua wataalamu wanatamani sana kuona Vermeer ya kidini, basi akawapikia, na kupika kweli maana aliioka kwenye oveni ili rangi ikakamae ionekane ya kale. Mwaka 1937 mtaalamu Bredius, mzee mwenye jina lake, akaisifia mpaka basi na ikaenda kutundikwa makumbusho ya Rotterdam. Ukiiangalia leo sura zenyewe zina makope mazito kama watu wana usingizi! Jamaa alikuja kukiri mwenyewe 1945 baada ya kukamatwa kwa kumuuzia Göring, kigogo wa Nazi, "Vermeer", na bado ikabidi achore nyingine mbele ya mashahidi ndo waamini kwamba ni feki. Yaani wataalamu wanabishana na aliyechora.

Halafu Knoedler ya New York, galari ya kuuza picha ya tangu 1846, imefungwa 2011 na kashfa ya feki, na kati ya picha zilizopita pale kulikuwa na ya "Jackson Pollock", mchoraji maarufu wa Marekani, yenye saini imeandikwa Pollok. POLLOK jamani. Herufi imeruka, watu wamekodoa macho na hawajaona, kwa sababu hawakutaka kuona, biashara ilikuwa tamu.

Sasa stori ya hivyo mbona hamniandikii? Mpelelezi aache kupima nyayo darini, ambane aliyesaini cheti cha kwamba picha ni orijino aeleze alikuwa anaangalia nini. Mwenye anaijua anitajie jina naitafuta leoleo. Za suti na kamba msiniletee.