Naomba ushauri: Dudince au Poděbrady kwa mtembeaji anayejigharamia?

Hatua_Ndefu
Wanajukwaa, salamu. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Naivasha, na kazi yangu ni ukarani wa ghala katika shamba moja la maua. Kwa muda mrefu nimekuwa nikishiriki matembezi ya kasi, ule mchezo ambao ukiufanyia mazoezi barabarani watoto hukufuata nyuma wakiiga kiuno chako, na muda wangu bora wa kilomita 20 ni saa 1 na dakika 21. Msimu huu nataka kuingia katika msururu wa World Athletics Race Walking Tour, ambao huhama kutoka mji mmoja hadi mwingine na kumwezesha mtembeaji kujikusanyia alama za msimu mzima. Vituo vyote siviwezi. A Coruña, Rio Maior na Taicang navisikia tu. Nimebakiwa na viwili, Dudince ya Slovakia mwezi wa Machi au Poděbrady ya Jamhuri ya Cheki majuma machache baadaye. Kazini nimeomba likizo isiyo na malipo na sijajibiwa, na usingizi umenipaa. Kituo kipi kinamfaa mtu anayejigharamia?

Mama_Shiro
Mwanangu, mimi mbio hizo sizijui, lakini likizo isiyo na malipo naijua. Mdogo wangu wa mwisho aliomba kama hiyo ili akajaribu kandanda ya kulipwa, na aliporudi alikuta meza yake ina mtu mwingine ambaye hata kikombe chake cha chai alikuwa amekirithi. Usipande ndege kabla hujajibiwa kwa maandishi yenye muhuri. Mengine yatafuata.

Mkongwe_wa_Kasarani
Ndugu, karibu. Nilitembea enzi zangu na sasa husaidia kuamua mashindano ya hapa nyumbani, kwa hiyo nitajibu kile ulichouliza, kisha nami nikuulize.

Msururu huu ulianza mwaka 2003 kwa jina la Race Walking Challenge, na leo vituo vyake vimegawanywa katika daraja za dhahabu, fedha na shaba. Kadiri daraja linavyopanda ndivyo alama zinavyoongezeka, na alama hizo ndizo zinazokujenga katika orodha ya ubora ya dunia, ambayo ni mlango wa pili wa mashindano makubwa kwa asiyefikia muda wa kufuzu. Dudince ni mji mdogo wa chemchemi za maji moto ambao jina lake lilijengwa na kilomita 50, na mwezi wa Machi baridi yake si mchezo kwa mtu wa Naivasha. Poděbrady nao ni mji wa chemchemi. Zingatia pia kwamba kuanzia Januari 2026 umbali rasmi umekuwa nusu marathoni na marathoni badala ya kilomita 20 na 35, kwa hiyo muda wako wa kilomita 20 ni kipimo cha zamani.

Sasa swali langu: muda huo wa 1:21 uliupata mbele ya waamuzi gani, na ulimaliza ukiwa na kadi nyekundu ngapi, zile ambazo mwamuzi huandika akiona kosa la mwendo?

Bwana_Utani
Mimi nauliza kama mchezo huu unaruhusiwa kufanyiwa ukweni. Nilipomtembelea mama mkwe mara ya kwanza nilitoka nyumbani kwake kwa mwendo huohuo, miguu haikuacha ardhi, na hakuna mwamuzi aliyenionyesha kibao cha onyo.

Hatua_Ndefu
Asanteni nyote. Mzee Mkongwe, waamuzi walikuwepo. Ningependa turudi kwenye suala la kituo, kwa sababu siku za kujiandikisha zinakwisha.

Mkongwe_wa_Kasarani
Sijasema hawakuwepo. Nimeuliza kadi.

Mwana_wa_Maskati
Nawasalimu kutoka Oman. Mwaka 2022, mashindano ya dunia ya timu ya matembezi yalipofanyika hapa Maskati, nilikwenda na wanangu tukiwa tumebeba maji na tende kana kwamba sisi ndio tunaoshindana. Ndiyo kwanza zilikuwa zimeingia zile kilomita 35 zilizochukua nafasi ya kilomita 50. Nilichojifunza pale ni kwamba ukisimama pembeni huoni chochote cha kosa: watu wanapita, mikono inapiga, nyayo zinalia, kisha unatazama ule ubao mkubwa wa kadi na kukuta jina lina alama nyekundu mbili. Binti yangu aliniuliza mtu huyo amemkosea nani. Hadi leo sijapata jibu zuri la kumpa.

Hatua_Ndefu
Basi nitasema, maana naona hamtaniacha. Mashindano pekee niliyoshiriki yenye waamuzi wa kimataifa sikuyamaliza. Nilipata kadi tatu, nikaingizwa eneo la adhabu nikasimama dakika mbili nzima wenzangu wakipita, nilipotoka nikapata ya nne nikatolewa. Walidai napoteza mguso wa ardhi, yaani miguu yote miwili inakuwa hewani kwa pamoja. Mnajua wenyewe kwamba kosa hilo huamuliwa kwa jicho tupu, na jicho humwona anayetaka kumwona. Jane Saville wa Australia alitolewa kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa anaongoza, akikaribia kuingia uwanjani mbele ya watu wa kwao. Ikiwa yeye alitolewa, mimi ni nani? Sioni kwa nini jambo hilo linizuie kwenda Ulaya.

Mkongwe_wa_Kasarani
Kwa kuwa umeitaja Sydney, tuimalize. Katika kilomita 20 za wanaume Bernardo Segura wa Mexico alifika wa kwanza, akashangilia, kisha mwamuzi mkuu akamfuata na kadi, na dhahabu ikaenda kwa Robert Korzeniowski wa Poland, ambaye siku chache baadaye alishinda pia kilomita 50. Korzeniowski alipita mbele ya waamuzi haohao. Kadi nyekundu za mtu mmoja lazima zitoke kwa waamuzi tofauti, na katika mashindano ya kimataifa hawawekwi wawili wa taifa moja. Ukipata nne, watu wanne wa mataifa manne, waliosimama sehemu tofauti za mzunguko, wameona kitu. Upendeleo wa aina hiyo ni kazi ngumu sana kuupanga.

Mama_Shiro
Mimi nataka kujua nauli inatoka wapi, kwa sababu mshahara wa karani naujua.

Hatua_Ndefu
Nimechukua mkopo Sacco. Mdhamini ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ambaye ameniamini. Na kusema kweli tiketi ya kwenda Prague nimeshainunua, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na ilikuwa ya siku ile tu. Hairudishwi.

Bwana_Utani
Prague? Kutoka Prague hadi Poděbrady ni kama kilomita 50 tu. Kumbe ulikuja kutuuliza njia ukiwa umeshapanda basi.

Hatua_Ndefu
Kutoka Prague mtu anaweza pia kufika Slovakia kwa gari moshi. Nilitaka maoni huru.

Mzee_Ngugi
Vijana, deni la Sacco si deni la benki. Benki haikai na wewe msibani. Siku mkopaji anaposhindwa, makato huhamia kwenye mshahara wa mdhamini, na dada yako ndiye atakayeonekana nyumbani kwake kuwa ameleta hasara kwa mlango wa ndugu. Katika maisha yangu nimedhamini mtu mmoja tu, na hadi leo tukikutana sokoni yeye hupinda upande wa mboga nami naelekea upande wa nafaka. Je, shemeji huyo anajua habari za kadi nne?

Hatua_Ndefu
Anajua ninatembea. Mambo ya kadi ni ya kiufundi.

Haki_na_Ushahidi
Naomba niwaamshe. Kisa hiki kimetungwa. Samuel Gathimba, mshindi wa shaba ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018, alitembea 1:18:23 hapa Nairobi mwaka 2021, na huyo ndiye bora tuliyewahi kuwa naye. Mtu mwenye 1:21 yuko nyuma yake kwa dakika tatu hivi. Mtembeaji wa namna hiyo angekuwa ameshaajiriwa katika timu ya riadha ya polisi au magereza, asingekuwa anahesabu maboksi ya waridi Naivasha. Emily Ngii alipopata shaba ya michezo hiyohiyo ya Madola huko Birmingham mwaka 2022 tuliandika kurasa nzima kumhusu, kwa sababu katika mchezo huu tunafahamiana kwa majina. Huyu hatumjui. Subirini, baada ya siku mbili italetwa nambari ya kuchangia.

Mama_Shiro
Nami nilianza kushuku alipotaja tiketi. Pole mwanangu kama nakosea.

Mwana_wa_Maskati
Mtu anayetunga kisa ili achangiwe hujipa ushindi, hajipi kadi nne. Hata hivyo, swali la muda ni la haki na lijibiwe.

Hatua_Ndefu
Sijaomba shilingi ya mtu hapa. Muda ni wangu, niliutembea kando ya ziwa katika mashindano ya hapa kwetu. Barabara ilipimwa na mwenye pikipiki kwa kutazama dashibodi yake, kwa hiyo yawezekana kuna mita zilizopungua, lakini si nyingi kiasi hicho. Kuhusu kutolewa, ninayo karatasi ya waamuzi ambayo kocha alipewa baada ya mashindano. Nimeipiga picha, nikafunika jina na nambari, nikaiweka hapa chini. Itazameni.

Haki_na_Ushahidi
Pikipiki! Basi 1:21 tuifute, tuanze upya. Karatasi nimeiona, inafanana na za kweli. Ninasitisha shutuma, siziondoi.

Mkongwe_wa_Kasarani
Nimeikuza picha na kuisoma safu kwa safu. Kijana, ulituambia walidai unapoteza mguso. Alama ya mguso ni ule mstari wa wimbi, na yako ina wimbi moja tu, kutoka kwa mwamuzi wa 5. Kadi nyingine tatu, ya mwamuzi wa 2, wa 3 na wa 7, zina ile alama ya pembe iliyolala, ambayo ni goti. Na kabla ya hapo wawili kati yao walikuwa wamekuonyesha kibao cha manjano chenye pembe hiyohiyo, kwa hiyo uliiona kwa macho yako ukiwa barabarani.

Tofauti yake ni kubwa. Mwenye kosa la mguso anaweza kupunguza mwendo siku ya mashindano akamaliza salama. Goti halitii hivyo. Sheria inataka mguu wa mbele unyooke tangu kisigino kinapogusa ardhi hadi mwili upite wima juu yake, na kama halinyooki katika kilomita ya saba, katika kilomita 21 litakuwa limejikunja kabisa. Huo ni ukarabati wa miezi, na haufanyiki ndani ya ndege.

Hatua_Ndefu
Kocha alisema ni mguso.

Mkongwe_wa_Kasarani
Kocha alikuwa na karatasi hii mkononi.

Mzee_Ngugi
Mwambie shemeji kabla ya tiketi kutumika. Hilo halihitaji utaalamu wa magoti.

Hatua_Ndefu
Shemeji nitamwambia, ila namna ya kumwambia niachieni mimi. Tiketi siwezi kuitupa. Kama sitakwenda kushindana nitakwenda kutazama, ingawa nafsi yangu inasema nitakwenda kushindana. Mzee Mkongwe, kuna mtu wa kulitazama goti hili kabla ya Aprili?

Mkongwe_wa_Kasarani
Jumapili tunakuwa Kasarani na waamuzi wenzangu wawili, tunawafundisha chipukizi. Tutakutembeza kilomita tano na kila mmoja ataandika peke yake.

Haki_na_Ushahidi
Nami nitafika, nione kama mtu huyu yupo.

Hatua_Ndefu
Jumapili zamu yangu ya ghala inaisha saa sita. Saa kumi alasiri mtakuwa bado hapo?

Mkongwe_wa_Kasarani
Tutakuwepo. Vaa kaptura fupi, tulione goti.