Damu imeotesha bakteria wa mnyororo, mgonjwa analalamika tumbo, niandike Enterococcus?

maabara_mkoani: Habari za kazi wakuu, naombeni msaada. Kuna mzee wodini homa inaondoka inarudi, tumbo linamsumbua, kapungua uzito na damu iko chini, huko alikopita Widal (kipimo cha damu cha taifodi) ilisoma chanya akapewa dozi ya taifodi haikusaidia kitu. Tumeotesha damu, chupa zote mbili zimetoa bakteria duara wa gramu chanya wamepangana mnyororo, kipimo cha kataleizi hasi, agari ya nyongo na eskulini (chakula cha kuoteshea bakteria) imekuwa nyeusi tii. Nataka kuandika Enterococcus ila nasita.

kaka_wa_agari: Usiandike bado mkuu. Weusi huo unaupata kwa Enterococcus na kwa kundi la Streptococcus bovis pia, hata kwenye Lancefield (kupanga bakteria hawa kwa makundi ya herufi) wote wanasoma D ndo maana watu wanawachanganya. Otesha kwenye brothi (maji ya kuoteshea) ya chumvi 6.5% halafu fanya PYR, kipimo cha kimeng'enya kinachobadili rangi. Enterococcus anaota kwenye chumvi na PYR inakuwa nyekundu, bovis hivyo vyote hana. Kama hamna MALDI-TOF (mashine ya kutambua bakteria) peleka kimelea maabara ya rufaa wamalizie, unayemtafuta hasa ni Streptococcus gallolyticus, mmoja wa kundi hilo la bovis. Na mpigie daktari leo leo usisubiri karatasi, antibiotiki ya seftriaksoni haimgusi Enterococcus lakini bovis kwa kawaida anakufa nayo, hata kwa penisilini.

dkt_wa_zamu: Naongezea upande wa wodi. Akiwa gallolyticus tafadhali msimruhusu mzee kwa sababu tu homa imeshuka, hapo ndo tunapowapoteza. Bakteria huyu anakaa kwenye utumbo, akionekana kwenye damu mara nyingi kuna polipu (kinyama) au saratani ya utumbo mpana imemfungulia njia, jambo hili limeandikwa tangu 1951 na mwaka 1977 Klein na wenzake wakalipa nguvu. Kwa hiyo kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo mpana) hata kama haoni damu chooni, na eko (ultrasaundi) ya moyo maana anapenda kung'ang'ania kwenye valvu. Na hiyo Widal jamani, inasoma hata kwa mtu aliyeugua zamani, Salmonella Typhi mngeona vijiti vya gramu hasi!

mama_sampuli: Msimsahau Clostridium septicum, naye anaambatana na saratani ya utumbo. Anaota pasipo oksijeni, ukiwa na chupa za aerobiki (zenye oksijeni) peke yake humwoni kabisa. Huyo hangoji, msuli unajaa gesi ukibonyeza unachakarika, daktari wa upasuaji aitwe saa hiyohiyo. Na damu itolewe kabla ya antibiotiki, mtu mzima ml 8 mpaka 10 kila chupa, watu wanaweka ml 2 halafu wanashangaa hakijaota kitu.

maabara_mkoani: Mrejesho: brothi ya chumvi imebaki safi, hakijaota kitu, PYR hasi, kwa hiyo si Enterococcus. Nimeongea na dokta, eko ameshaandika, kolonoskopi hapa hatuna anaandaa rufaa. Kimelea kinaondoka na gari la sampuli asubuhi. Asanteni sana wakuu.