Naomba ushauri: Mr. Bean's Holiday inafaa kuangalia na mama mkwe, na mtoto aliyewahi kupotea?

Mama Imu:
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Watoto wamefunga shule, na mama mkwe anashuka kutoka Lushoto Jumamosi kukaa nasi mpaka mwaka mpya. Mume wangu yuko safarini, kwa hiyo jioni zote ni zangu. Tamthilia zetu za kawaida siwezi kuziweka mbele yake. Mara ya mwisho lilitokea busu, natafuta rimoti, kumbe mtoto kaikalia, tukabaki wote tunahesabu mbao za dari.

Nimepewa flashi yenye ile filamu ya Mr. Bean kwenda Ufaransa. Mama hajui Kiingereza, na macho yake hayasomi maandishi ya chini. Binti yangu ana miaka 14, kila kitu kwake "cha watoto". Halafu kuna Imu, miaka 6. Mwaka jana tulipotezana naye Kariakoo, mkesha wa sikukuu, saa nzima, mpaka alipokutwa kwa mama ntilie mmoja amekalishwa na sahani ya ubwabwa. Tangu hapo hata dukani haachii gauni langu. Sasa nasikia humo kuna mtoto anatengana na baba yake stesheni. Niiweke au nitafute nyingine? Na kama ipo iliyotafsiriwa na ma-DJ, bora hiyo?

Mzee wa Banda:
Dada, mimi nina kibanda umiza, hiyo nimeionyesha mara nyingi kuliko mechi za kirafiki. Ya DJ usiitafute kabisa. DJ kazi yake ni kujaza ukimya, na Bean anachekesha palepale penye ukimya. Nilijaribu mara moja, jamaa anapiga kelele "anakula huyo, anakula!" wakati watu wanamwona kwa macho yao. Wateja wakaniambia nizime sauti.

Lugha isikutishe. Bean mwenyewe Kifaransa chake ni "oui", "non" na "gracias", na hiyo ya tatu ni ya Wahispania. Yule mtoto anazungumza Kirusi. Hakuna anayemwelewa mwenzake humo ndani, kwa hiyo mama yako atakuwa sawasawa na wao.

Mkalishe tayari kwa ile ya hotelini. Bean analetewa sinia la vitu vya bahari: chaza wabichi na kamba wakubwa. Kamba anawatafuna na maganda yao kwa sababu anaona haya kuuliza. Chaza wanamshinda. Mhudumu kamkodolea macho, kutema hawezi, na jirani yake mkoba uko wazi... Siendelei. Watu wazima pale bandani wanashikilia mbavu, maana nani hajawahi kula kitu ugenini kwa heshima ya mwenyeji?

Nipo Lyon:
Hiyo hoteli ipo kweli, naipita kila nikienda Paris. Inaitwa Le Train Bleu, iko ndani ya stesheni ya Gare de Lyon, juu kwa ngazi, imefunguliwa tangu 1901. Dari lote ni michoro na dhahabu. Ni mahali ambapo hata mimi mwenye miaka yangu hapa natembea kwa adabu. Ndiyo maana ile aibu inauma.

Na yule mtoto kutenganishwa na baba yake na mlango wa treni si chumvi. Hapa treni za mwendokasi hufunga milango dakika 2 kabla ya kuondoka. Bean anamwomba mzee wa watu, baba wa yule mtoto, ampige video akipanda treni, kisha arudie tena, mara kikombe cha kahawa kikae vizuri, mlango ukafungwa. Mtoto ndani, baba nje. Mara ya kwanza nilicheka. Sasa nikiiona naangalia saa.

Jingine la kufurahia: Bean anajikuta La Défense, magharibi kabisa mwa Paris, na stesheni iko upande wa pili wa mji. Anatoa dira na kukata mstari ulionyooka, juu ya meza za watu, katikati ya magari. Mwangalie anavyotembea hapo, maana mwishoni kule Cannes, mji wa pwani wenye tamasha la filamu, anatembea vilevile kuelekea baharini.

Jino la Pembe:
Mimi napinga. Tunaifanyia mzaha kesi ya mtoto kuchukuliwa na mtu baki. Filamu yenyewe inajua, maana huko mbele polisi wanamtafuta Bean kama mteka watoto. Mtoto aliyepotea kweli, unamwonyesha hayo ili iweje?

Mwalimu wa Chekechea:
Jino la Pembe ana hoja, tusimcheke. Mama Imu, nakuambia ukweli ambao hawa wa kamba na chaza wameuruka: baba na mwana hawakutani tena mpaka karibu na mwisho. Si dakika tano. Katikati hapo baba anapita na treni nyingine isiyosimama, anamwonyesha namba ya simu kwenye karatasi, na vidole vyake vimefunika tarakimu mbili za mwisho. Darasani kwangu hapo ndipo watoto wanapoanza kushika shati la mwenzao.

Lakini nisingeizuia. Ningemwambia Imu kabla sijabonyeza chochote: "Kuna mtoto anaitwa Stepan, atapotezana na baba yake, na watakutana." Mpe mwisho mapema. Watoto wa umri huo hawaharibikiwi na kujua mwisho. Wewe ndiye unayeharibikiwa. Muwekee mchana, si usiku kabla ya kulala, na akae ubavuni kwako. Akitaka muisimamishe, isimamishe.

Na kuna kipande cha sokoni. Wameishiwa hela, Bean anaigiza mbele ya watu kwa wimbo wa opera wa Puccini, anakuwa mama anayemlilia mwanawe. Inachekesha, halafu ghafla haichekeshi. Hapo mtazame Imu, usiitazame skrini.

Mzee wa Banda:
Hapo kwa namba Mwalimu umenikumbusha. Tarakimu mbili ni simu 100, kuanzia 00 mpaka 99. Bean anaanza kupiga moja moja! Bandani kijana mmoja alipiga hesabu ya vocha kwa sauti.

Kidato cha Pili B:
Huyo wa miaka 14 niachieni. Usimwambie "njoo tuangalie Mr. Bean", hatakuja. Mwambie yumo Willem Dafoe, yule Green Goblin wa Spider-Man ya 2002. Hapa ni mwongozaji anayejiona mno, filamu yake Cannes inaboa mpaka ukumbi unasinzia, halafu video za safari za Bean zinaingia kwenye skrini badala yake. Kila aliyezoea kujirekodi na simu ataipenda hiyo. Na hii ni ya 2007.

Shangazi wa Mji wa Kale:
Mwanangu, kwa mkweo usiwe na wasiwasi, mambo ya chumbani hamna. Ila mwishoni Bean avaa nguo za kike apate kuingia ukumbini. Mama yangu mimi alisema "astaghfirullah" na huku machozi ya kicheko yamtoka. Kahawa na kashata ziwe tayari, usiinuke kwenda jikoni wakati wa kuku.

Mama Imu:
Kuku yupi tena shangazi?

Shangazi wa Mji wa Kale:
Utamwona. Tiketi ya basi yamganda mguuni, naye Bean amfukuza kwa baiskeli. Sisemi zaidi.

Mama Imu:
MREJESHO.

Tumeiangalia jana saa nane mchana. Asanteni nyote, na Jino la Pembe pia, maana bila wewe nisingejiandaa.

Imu nilimwambia mwisho kama Mwalimu alivyoshauri. Mlango wa treni ulipofunga alinishika mkono kwa nguvu, kisha akamkaripia Stepan: "Kaa hapohapo! Usiondoke hapo!" Ndivyo tulivyomfundisha baada ya Kariakoo. Pale sokoni mama mkwe ndiye aliyefuta macho kwa ncha ya kanga, Imu akamwambia, "Bibi, hajafa, wanatafuta nauli." Walipokutana baba na mwana kule Cannes, akauliza kama Stepan naye alipewa ubwabwa.

Binti alikuja kwa ajili ya Green Goblin, akakaa mlangoni. Kwenye kuku nikamkuta yuko kwenye mkeka na sisi.

Mama mkwe ametaka irudiwe leo, ila kile kipande cha hotelini tu. Na tangu jana ameniuliza mara tatu, nami sina jibu, kwa hiyo naileta kwenu: yule mwanamke aliyemwagiwa chaza mkobani, nani alimlipa mkoba wake?