Oscar Charleston wa tatu katika wastani wa kupiga: ni haki?

Swali
Ndugu zangu, mwezi Mei 2024 Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani iliingiza takwimu za Ligi za Weusi (ligi za wachezaji weusi waliozuiwa kucheza na wazungu) katika kumbukumbu zake rasmi, na Oscar Charleston, mchezaji wa uwanja wa nje ambaye sikuwahi kumsikia, akatokea wa tatu katika wastani wa kupiga (mipigo iliyofanikiwa ikigawanywa kwa zamu za kupiga) kwa 0.363, nyuma ya Josh Gibson wa Ligi za Weusi na Ty Cobb wa ligi za wazungu. Kwa kuwa ligi hizo zilikuwa na michezo michache kwa msimu, je, nafasi hiyo ni stahili yake au ni fadhila kwa waliobaguliwa?

Jibu la kwanza
Si fadhila hata kidogo. Msimu mmoja mfupi waweza kumbeba mtu kwa bahati, lakini bahati haidumu kwa miaka zaidi ya kumi. Wanaopunjwa na uchache wa michezo ni wale wanaopimwa kwa jumla ya mipigo. Tena takwimu hizo zinaanzia 1920, Rube Foster alipounda ligi ya kwanza ya weusi iliyodumu kule Kansas City, ilhali Charleston, mzaliwa wa Indianapolis mwaka 1896, alikuwa akiichezea timu ya Indianapolis ABCs tangu 1915, alipotoka jeshini Ufilipino. Misimu hiyo ya kabla ya 1920 haimo, wala ile aliyocheza Cuba.

Jibu la pili
Nakubali, ila tusitazame gongo la kupigia peke yake. Charleston alilinda uwanja wa kati akisimama karibu mno na wachezaji wa ndani, akitegemea mbio zake kurudi nyuma mpira ulipopigwa mbali. Wastani wa kupiga hausemi lolote kuhusu hilo. Mwili uliponenepa alihamia kituo cha kwanza, ambako mbio nyingi hazihitajiki, na kuanzia 1932 akawa mchezaji na kocha wa timu ya Pittsburgh Crawfords, akiwaongoza Gibson na mrushaji Satchel Paige.

Muulizaji
Nashukuru. Hakuwahi kupewa nafasi katika ligi za wazungu?

Jibu la kwanza
Hakuwahi. Jackie Robinson, mweusi wa kwanza wa karne ya 20 katika Ligi Kuu, alipoingia timu ya Brooklyn Dodgers mwaka 1947, Charleston alikuwa na miaka 50. Alifariki Philadelphia Oktoba 1954, baada ya kuifundisha timu ya Indianapolis Clowns mwaka huohuo, na jina lake likaingizwa katika jumba la magwiji wa besiboli la Cooperstown mwaka 1976.